Mgeni Huanza na Ugali

Siku ya tatu ya matanga ya mama mdogo, wanawake wa pale Kasulu walinifunga kanga ya jikoni na kunikabidhi sufuria kubwa la mboga. Walisema lazima nisimamie mimi, kwa kuwa mimi ndiye Bi Skola wa kliniki, yule aliyewafundisha akina mama wa Kibondo kuwalisha watoto majani bila kupigana nao. Mmoja wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, aliwaambia wenzake, "Mwacheni huyo, mboga ndiyo kazi yake. Dada yangu wa Kibondo alihudhuria somo lake, na sasa hata mume wake, mtu asiyekula kitu cha kijani, anadai ngogwe." Wakacheka, wakanipigia yale makofi ya kwetu ya salamu, taratibu, viganja vimekunjwa kidogo. Nikainamia sufuria nikijifanya moshi umeniingia machoni. Moshi ulikuwepo, sikatai. Lakini karibu kila kitu nilichowafundisha wanawake kwa miaka ishirini na sita nilikichukua katika jiko lile lile tulimokuwa tumesimama. Mwenye jiko tulikuwa tumemzika juzi yake, na sikuwahi kulitaja jina lake mbele ya watu hata siku moja.

Katika kumbukumbu hizi nimejisifu mahali pengi, na wanangu wakisoma watanicheka. Kuhusu mwaka ule wa Kasulu sina la kujisifia. Nimeuruka mara mbili nilipokuwa nikiandika, mara ya kwanza nikijiambia ni mambo ya kitoto, mara ya pili nikijiambia ni mambo ya ukoo. Ni mambo yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipotoka Kibondo kwenda Kasulu, nisome darasa la sita nikiwa nyumbani kwa baba mdogo, mdogo wake baba. Baba mdogo alikuwa fundi uashi, na wiki nzima nzima alikuwa kwenye majengo ya watu, leo Kabanga, kesho Kakonko. Hivyo aliyenilea mwaka ule ni mke wake, Mama Neema, niliyemwita mama mdogo. Wazazi wake walikuwa wametoka Burundi kama wakimbizi, na yeye alikuja angali mgongoni. Alikuwa Mkristo mwenzetu, lugha yake na Kiha chetu ni ndugu wa tumbo moja, alilima kama sisi na kuzidi, lakini katika ukoo wetu asili yake ilitajwa kwa sauti ya chini, kama ugonjwa. Usiku wa mwisho kabla sijaondoka nilimsikia baba akimwambia mama upande wa pili wa ukuta, "Watu wa kambini wale. Wataishia kumlisha mtoto majani." Mama akasema, "Sasa majani si chakula?" Baba akajibu, "Ni chakula cha njaa." Nilikwenda Kasulu na maneno hayo kwenye sanduku, pamoja na sare mbili na shuka.

Na kweli tulikula majani. Kwetu Kibondo tulikula ugali na maharage, maharage na ugali, na mboga za majani zilipikwa pale tu maharage yalipopungua guniani. Kwa mama mdogo hapakupita mlo bila kitu cha kijani, cha njano au cha zambarau. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, dirisha moja dogo kama mlango wa banda la kuku, mahindi ya mbegu yakining'inia juu ya mafiga na kinu cha kutwangia sombe, yaani kisamvu, pembeni. Alikuwa na ujanja wake. Maharage yakishaiva aliyatupia majani ya maboga yaliyokatwa vidogo, akafunika kwa muda wa Baba Yetu mbili, basi. Mtoto hakuweza kuyachagua wala kuyatema. Wali wa Jumapili aliuchanganya na karoti aliyoikwangua kwa kopo lililotobolewa kwa misumari. Boga lililoiva alilipondea kwenye uji wa asubuhi, na sukari haikuhitajika. Nyama, ilipopatikana, aliipika na bilinganya na ngogwe, zile nyanya chungu, mpaka kipande cha watu watatu kikatosha watu saba. Mchicha, ambao yeye aliuita lengalenga, aliupika haraka sana, kitunguu, nyanya, karanga za kutwanga, chumvi mwishoni. "Ukiuchemsha sana," alisema, "unaikasirisha mboga, nayo itakukasirisha wewe."

Kila mtoto wa nyumba ile alikuwa na tuta lake kando ya mlango wa jiko, hata Neema aliyekuwa na miaka minne na miguu myembamba ya kutia huruma. Nami nikapewa tuta siku ya tatu ya kufika, pamoja na jembe, kwa kicheko: "Siku mbili zimekwisha, Skola, na mgeni hana budi kulima." Jioni mama mdogo alitangaza tunakula la nani. "Leo tunakula la Neema!" Basi hata ukiwa umenuna, unakula la mwenzako kwa wivu. Lakini ujanja wake mkubwa ulikuwa mwingine. Sisi tukirudi shule tumbo limeshikana na mgongo, ugali ulikuwa haujasongwa. Alituwekea bakuli la mboga peke yake katikati ya mkeka, akageuka kusonga ugali polepole, kama asiyetuona. Ugali ulipofika, bakuli lilikuwa tupu. Alikuwa ameanza desturi hiyo kwa ajili ya Neema, baada ya muuguzi mmoja kumwambia kwamba damu ya mtoto ni kidogo na majani yatamsaidia. Mtoto alikataa majani kwa fimbo, akayakubali kwa njaa. Miezi yote niliyokaa pale niliiona miguu ile ikijaa.

Niliyaona yote hayo na nikayachukia. Siyo ladha, ladha ilikuwa nzuri, na leo nakiri. Nilichukia kuonekana. Rafiki yangu shuleni alikuwa Zuhura, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini Kasulu, watu wenye ndugu Tanga, ambao Ijumaa walipika pilau iliyonukia mpaka barabarani. Alinikaribisha mara nyingi, na siku moja ikanibidi nimkaribishe. Tulikuta bakuli juu ya mkeka, majani ya kunde siku hiyo. Zuhura alilitazama, akaniuliza kwa upole wa utani, "Kwenu mnakula au mnafuga mbuzi?" Yeye mwenyewe alikula na kuongeza, na njiani akasahau. Mimi sikusahau. Wiki ile nilianza kutoka kwa siri na tonge la mboga mkononi na kulizika kwenye shimo la migomba, na moyoni nikawa nasubiri mtu wa kwetu aje aone.

Alikuja mwezi wa tisa. Baba alishuka kwenye lori la maharage bila taarifa, saa sita mchana, Jumamosi, akasema lori litageuza baada ya kupakua na yeye ataondoka nalo. Mama mdogo alitoka jikoni mbio, akapiga goti, akapiga makofi ya salamu mpaka nikaona haya kwa niaba yake. "Karibu shemeji, karibu. Leo mvua imetuletea baraka." Baba alipewa kiti chenye mto. Mama mdogo akaniambia niketi na baba yangu, nimsimulie shule, nisijisumbue na jiko. Baba mdogo alikuwa kazini Kakonko. Tukaketi. Baba akatazama kuta, akatazama dari, akauliza nina umri gani sasa, kana kwamba alikuwa amesahau.

Baada ya muda mama mdogo aliniita kwenye dirisha la jiko. Alikuwa ameshika bakuli la mchicha wa karanga, ngogwe na karoti juu yake, zimepangwa vizuri kama za harusi. "Mpelekee baba yako aanze na hii," akasema, "asikae mdomo mtupu." Nilipoinama kulipokea niliona beseni nyuma yake, limefunikwa jani la mgomba, na kando ya jani limetokeza bawa jekundu. Jogoo. Yule aliyekuwa akiwekwa kwa ajili ya Krismasi. Alikuwa amemwita jirani amchinje nyuma ya migomba, na chungu kilikuwa kimekwisha kuchemka. Hakusema neno kuhusu kuku, na mimi nilijua kwa nini: kwetu mwenye nyumba hamtangazii mgeni kilichopo motoni, ni majivuno. Mgeni hukiona kikifika. Nikachukua bakuli.

Sasa, kwa wazee wa ukoo wetu, kinachotangulia mbele ya mgeni ndicho chakula chake. Ugali hutangulia, na kitoweo hufuata. Bakuli likija peke yake maana yake hakuna kingine. Nililijua hilo tangu utoto. Mama mdogo naye alilijua, ila siku ile mikono yake ilifanya ilichozoea kufanya kila siku kwa miaka. Niliweka bakuli mbele ya baba. Alilitazama muda mrefu. Shingo yake ikavimba. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ndivyo mnavyokula hapa?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema, ngoja kidogo, baba. Ningeweza kukohoa tu. Hata kutabasamu kungetosha. Nikasema, "Ndiyo, baba. Kila siku." Na lilikuwa kweli! Hapo ndipo palipo na sumu: sikudanganya hata neno. Baba akasimama. "Chukua nguo zako." Nikazichukua upesi, na sanduku halikuwa zito, nami nilikuwa na furaha, naiandika hivyo hivyo, furaha. Tulipotoka mlango wa mbele nilisikia mwiko ukigonga sufuria nyuma ya nyumba. Alikuwa akisonga ugali. Lori lilikuwa limewashwa. Sikumwona alipotoka na sinia akakuta viti vitupu, ila nimeiona picha hiyo mara nyingi kuliko mambo niliyoyaona kwa macho.

Mwezi wa kumi na mbili ukoo ulikaa kikao nyumbani kwetu Kibondo. Mgeni mkubwa, kaka wa mwenye nyumba, amepewa majani na kuondoka na njaa. Jambo hilo halikuweza kuachwa hivi hivi. Mama mdogo alikuja na baba mdogo, Neema mgongoni, na jogoo mwingine mkononi wa kuombea radhi, sijui alimpata wapi. Wanaume walikaa kwenye viti, yeye chini. Alisema, "Kosa ni langu. Nilitanguliza mboga. Lakini kuku alikuwa motoni, shemeji." Baba akasema, "Kuku wa kusimuliwa hashibishi." Watu wakacheka. Ndipo mjomba wetu mmoja, mzee wa haki, aliponigeukia mimi niliyekuwa mlangoni. "Mtoto alikuwepo. Skola, ulimwona huyo kuku?"

Baba alinitazama. Kama ningesema nilimwona, baba angekuwa mtu aliyewaaibisha ndugu zake bure, na mimi mtoto aliyemwacha afanye hivyo. Nikasema, "Sikumwona."

Na mama mdogo, kabla mtu hajafungua mdomo, akasema haraka, "Kweli hakumwona, msimsumbue mtoto. Hakuwa jikoni, na nilikuwa nimemfunika kwa jani." Alinitetea. Alidhani ninaogopa kulaumiwa kwa jambo nisilolijua, akanivua nguo ya lawama akaivaa yeye. Kisha akaenda jikoni kwa mama, akampika yule jogoo wa radhi, na aliponipakulia alinishika mkono hapa juu ya kiwiko, akasema, "Kula, mwanangu. Umekonda." Nilikula. Nasikia haya kuandika kwamba nilimaliza.

Tangu siku hiyo mama mdogo hakupewa mwiko katika shughuli yoyote ya ukoo. Kwetu, mwanamke asiyepewa mwiko harusini wala msibani ni kama hajaolewa. Alitumwa maji na kuni, pamoja na wasichana. Nyuma ya mgongo wake walimwita Mama Majani, na baadaye si nyuma tena. Mimi nilikua, nikasoma, nikaajiriwa zahanati kuwafundisha akina mama lishe. Vitabu vilinipa majina ya vitamini. Lakini mwanamke wa Nyabibuye aliyetembea toka alfajiri na mtoto mgongoni hakuja kusikia majina. Alitaka kujua afanye nini mtoto akitema. Hapo nilifungua mdomo na maneno ya mama mdogo yakatoka: majani ya maboga kwenye maharage dakika za mwisho, boga kwenye uji, kopo la misumari, tuta la kila mtoto, mboga kwanza ugali baadaye. Wakanisifu mpaka wilayani. Mdomo ule ule uliomnyima kuku wake ulikuwa sasa unakula jina kwa mboga zake.

Miaka miwili iliyopita, wiki chache kabla sijastaafu, nilikuwa nafundisha, na nilipoinua macho nikamwona mama mdogo kwenye benchi la nyuma. Alikuwa amekuja Kibondo kumhudumia binti yake mdogo aliyejifungua, na siku hiyo alikuwa amemleta mjukuu kupimwa uzito. Amezeeka, mdogo, kitambaa cheupe kichwani. Ningeweza kunyamaza, au kumwita mbele. Niliendelea, kwa sauti ya juu zaidi. Mwanamke mmoja akauliza, "Haya yote ulijifunza wapi, Bi Skola?" Nikasema, "Chuoni." Wakapiga makofi, na mama mdogo naye akapiga, taratibu, viganja vimekunjwa.

Watu walipotawanyika alinisogelea. Nilidhani, sasa yamefika. Akanishika pale pale juu ya kiwiko. "Umefundisha vizuri, mwanangu. Nimefurahi mno." Akasita kidogo, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Ila uwaambie, kwa mgeni watangulize ugali. Mgeni huanza na ugali. Mimi nilikosea hapo zamani, nikakuharibia na shule yako."

Alikuwa akiniomba radhi. Miaka arobaini na kitu alikuwa amelibeba kosa lile kama lake, akalisafisha, akalifanya somo. Nami nilijibu nini? Nilijibu, "Nitawaambia, mama mdogo." Nikamwitia bodaboda. Nilijiahidi nitakwenda Kasulu baada ya mavuno, nimwambie mambo ya bawa lile jekundu. Mavuno yakapita. Mengine yakaja. Simu iliyokuja ilikuwa ya Neema.

Kwa hiyo siku ile ya tatu ya matanga, wanawake walipokwenda kuteka maji na tukabaki Neema na mimi jikoni, nilisema. Neema sasa ni mwanamke wa makamo, mguu umejaa, mikono mikubwa ya mama yake, na alikuwa akisonga ugali wa watu wengi. Nilimwambia kila kitu, beseni, jani, bawa, "kila siku, baba," "sikumwona." Hakuacha kusonga. Nilipomaliza aliinua mwiko, akaukung'uta ukingoni mwa sufuria.

"Namkumbuka yule kuku," akasema. "Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka tulikula kuku na siyo sikukuu. Mama alitupakulia wote, yeye hakula. Nilimuuliza, akasema ameshiba moshi."

"Nisamehe, Neema."

"Siyo mimi wa kuambiwa, dada." Alisema bila ukali, na ndiyo maana iliuma. "Alikaa hapa, kwenye hicho kigoda, mpaka juzi juzi. Ungemkuta tu."

Chakula kilipakuliwa uani. Nilitazama jinsi kilivyokwenda. Kwenye mkeka wa watoto na wajukuu wa nyumba bakuli la mboga lilifika peke yake, na vichwa vikainama juu yake kama nilivyovijua. Kwenye viti vya wageni ulifika ugali kwanza, sinia baada ya sinia, na hakuna aliyekosea hata mara moja. Ilikuwa sheria ya nyumba ile. Nilikwenda kuketi mkekani, karibu na pale lilipokuwa tuta langu. Mjukuu mmoja akanisogezea bakuli. Neema akaja, akaninyanyua kwa adabu, akanipeleka kwenye kiti chenye mto, na akaniwekea sahani ya ugali magotini.

"Mboga?" nikamuuliza.

"Inakuja, dada," akasema. "Mgeni huanza na ugali."

Nikanawa mikono, nikakata tonge, nikala kavu.